Kisu Kinachofumba: Historia ya Kisu cha Mfukoni na Pembe Zilizotoka Kwetu

Neno kijembe limepata bahati isiyo ya kawaida katika lugha yetu. Asili yake ni jembe lililodunishwa. Likawa jina la kisu kidogo chenye makali sana, kile cha kuchanjia na kupigia chuku. Kisha likauacha mkono likaingia kinywani. Leo ukimwambia mtu wa mjini kwamba fulani amepigwa kijembe, hatatafuta damu. Atauliza amesemwa nini na nani. Taarabu na kanga ndizo zilizoikuza maana hiyo mpaka ikailemea ile ya kwanza, na sisi tunaofuatilia ushairi tumeizoea kiasi kwamba chuma chenyewe tumekisahau.

Katika makala haya ninarudi kwenye chuma. Ninachokusudia ni kisu kidogo cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni mchana kutwa na kutolewa mara kumi kwa siku kukata uzi, kumenya chungwa, kuchonga penseli. Kwa zaidi ya karne 3 wakulima, mabaharia, makarani na watoto wa shule wa Ulaya, na baadaye wa Marekani na Japani, wamekibeba kila siku bila kukifikiria. Leo wapo wanaokikusanya kwa bidii kama wengine wanavyokusanya sarafu au miswada ya kale. Historia yake kwa sehemu kubwa si yetu. Lakini kiungo kimoja cha mwili wake, nacho ni mpini, mara nyingi kilitoka katika bara hili, na sehemu ya safari yake ilipita katika lugha hii.

Tupatane kwanza kuhusu majina. Kisu kina kengee, yaani chuma chote kisipokuwa mpini; kina bapa, kina makali, kina ncha; kina mpini wa kushikia na ala ya kukifichia. Kwa kisu cha kukunja maneno hayo yote yanatosha, ila mawili yamebadilishana kazi, kwa kuwa hapa mpini ndio ala. Kengee huzunguka kwenye msumari mmoja na kulala ndani ya mpini, makali yakiwa yameelekea ndani. Kinachoongezeka ni kamani, neno tunalolijua kutokana na saa. Kamani ni ukanda wa chuma uliolazwa mgongoni mwa mpini, nao husukuma shina la kengee wakati wote. Kisu kikiwa wazi, kamani hukishikilia kisijifunge ovyo. Kikiwa kimefungwa, hukishikilia kisifunguke mfukoni. Hakuna kufuli. Anayekitumia akikisukuma vibaya upande wa mgongo, kitamfumbia vidoleni. Nimetumia kitenzi kufumba kwa makusudi: ndicho kilichotupa fumbo, neno lililofungwa makali yake kwa ndani, na sidhani kipo kitenzi kingine cha Kiswahili kinachokieleza chombo hiki vizuri zaidi.

Wazo la kukunja ni la zamani sana. Huko Hallstatt, Austria, kilipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, kinachokadiriwa kuwa cha miaka 600 hadi 500 kabla ya Kristo. Warumi nao walikuwa navyo, na katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, kimo chombo chao cha fedha cha karne ya 3 chenye kijiko, uma, kisu na vijiti kadhaa, vyote vikikunjwa pamoja. Anayedhani kisu cha vyombo vingi ni uvumbuzi wa Waswisi na akakitazame. Hata hivyo kwa muda mrefu visu vya namna hiyo vilikuwa vichache. Mtu wa kawaida wa Ulaya katika zama za kati alivaa kisu cha ala kiunoni, na kwa kisu hicho hicho alikata mkate, alikula nyama na, ikibidi, alipigana. Sheffield ilikuwa tayari na jina. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, katika hadithi moja ya The Canterbury Tales anamtaja msagaji wa nafaka aliyechomeka kisu cha Sheffield kwenye soksi yake ndefu. Inanipendeza kwamba mji ule unaingia katika fasihi kwa njia ya kisu, tena kikiwa mwilini mwa mhusika mkorofi.

Mambo mawili yalikihamisha kisu kutoka kiunoni kwenda mfukoni. La kwanza ni mfuko wenyewe. Mifuko iliyoshonewa ndani ya suruali ilienea katika karne ya 17. Kabla ya hapo watu walifunga vikoba kwenye mshipi. La pili ni adabu na hofu. Mwaka 1669 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipiga marufuku visu vyenye ncha kali, mezani na njiani, ili kupunguza mauaji. Kisu cha mezani kikapata ncha butu, kikabaki nyumbani. Aliyetaka kisu cha safari alihitaji kilicho kidogo, kisichotisha, kisichotoboa nguo. Ni katika karne hiyo hiyo ya 17 kamani ya mgongoni ilipoanza kuwekwa kwa wingi katika visu vya Sheffield, na kisu cha kukunja kikaacha kulegea kama mlango uliokatika bawaba.

Sheffield ilikuwa na kila kitu ilichohitaji: mito ya kasi kutoka milimani ya kuzungusha magurudumu, mawe ya kunolea, makaa. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda chama cha mafundi visu wa wilaya ile ya Hallamshire, na kazi moja ya chama hicho ikawa kuandikisha alama za mafundi. Kila bwana wa kazi alikuwa na alama yake aliyoigonga kwenye shina la kengee. Msomaji wa tenzi ataelewa mara moja: ni kama mshairi wetu anayetia jina lake katika beti za tamati, ili mwenye kunakili asije akamdhulumu.

Nadhani ni makosa kuizungumzia kazi ile kwa mahaba matupu, jambo ambalo wakusanyaji wengi hulifanya. Kisu kimoja kilipita mikononi mwa watu watatu au wanne: mfuaji, mnoaji, muunganishaji, na wengi wao walifanya kazi kwa kukodi nafasi ndogo tu katika karakana ya mtu mwingine. Wanoaji waliinamia jiwe linalozunguka, na vumbi la jiwe na chuma likawaingia mapafuni. Madaktari wa karne ya 19 waliujua ugonjwa huo kwa jina la pumu ya wanoaji. Waliosaga uma kwa jiwe kavu ndio walioumia kupita wote, na wengi wao hawakufika umri wa miaka 40.

Katika mji huo huo ufundi ulifikia kiwango cha kujionyesha. Kampuni ya Joseph Rodgers ilitengeneza mwaka 1822 kisu chenye kengee 1,822, nia ikiwa ni kuongeza moja kila mwaka; na kwa Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ikatengeneza kingine chenye kengee na vyombo 75, mpini wake ukiwa wa lulumizi iliyochongwa. Hakuna aliyewahi kumenya chungwa kwa visu hivyo. Vilitengenezwa vitazamwe, kama baadhi ya mashairi ya mafumbo yanayotungwa ili kumshinda mshairi mwenzi tu. Fundi wa kweli alijulikana kwa kisu cha bei ndogo. Aina iitwayo Barlow, kwa mfano, ilikuwa kisu cha mtu wa kawaida: mpini wa mfupa, kipande kirefu cha chuma kwenye kichwa cha mpini ili kuimarisha maungio, kengee moja au mbili. Mark Twain anapompa Tom Sawyer zawadi katika kitabu chake cha 1876 anampa Barlow, nayo furaha ya mtoto yule haipunguzwi hata kidogo na ukweli kwamba kisu chenyewe hakikati.

Kuna kisu kingine kidogo kinachotuhusu moja kwa moja sisi watu wa kalamu. Waingereza mpaka leo hukiita kisu kidogo cha mfukoni kisu cha kalamu, kwa sababu kalamu ya unyoya wa bata bukini ilihitaji kuchongwa kila mara, na karani asiye na kisu hakuwa karani. Pwani yetu haikuandika kwa unyoya. Iliandika kwa kalamu ya mwanzi, nalo neno kalamu, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwanzi. Lakini mwanzi nao lazima uchongwe. Ncha hukatwa mshazari, hupasuliwa katikati ili wino ushuke, na upana wake ndio unaoamua unene wa herufi. Waandishi wa khati wa dola la Uturuki ya Osmania walikuwa na kisu maalumu cha kazi hiyo, na kibao kidogo, mara nyingi cha pembe ya ndovu, cha kulazia kalamu inapokatwa ncha.

Kwetu, mikono iliyonakili tenzi kwa hati ya Kiarabu ilikuwa mikono iliyojua kisu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki miaka ya 1940 baada ya kunakili miswada mingi waliyoitafuta akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na pia mchonga mbao. Tunapomsoma huwa tunamfikiria akiwa ameshika kalamu. Haifai tusahau kwamba kabla ya kila ukurasa mkono wake wa pili ulishika chuma.

Nimetaja pembe ya ndovu, na sasa sina budi kukaa hapo.

Mpini wa kisu kizuri cha Sheffield ulikuwa wa mfupa wa ng'ombe, pembe ya kulungu, lulumizi au pembe ya ndovu. Kiswahili kina tatizo lake hapa, kwani neno pembe linabeba ya ng'ombe, ya kulungu na ya ndovu kwa pamoja, ingawa ya ndovu kwa hakika ni jino. Lakini katika Unguja ya karne ya 19 hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Pembe, likisimama peke yake sokoni, lilikuwa na maana moja. Ilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo pembe zilipita mabegani mwa watu, Wanyamwezi wakiwa ndio mabingwa wa kazi hiyo. Zikavuka bahari hadi Unguja. Zikauzwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Ulaya na wa Marekani. Zikapakiwa kwenda Bombay, London na bandari za New England. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu mwaka 1833, na pembe ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowaleta.

Pembe za Afrika ya Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake, zikatafutwa mno kwa vitana, vitufe vya biliadi na funguo za piano. Sheffield nayo ilinunua katika masoko yale yale ya Uingereza ambako pembe za Unguja zilikutana na za Gabon, za Angola na za Misri. Ghala la pembe la kampuni ya Joseph Rodgers lilikuwa mojawapo ya vivutio ambavyo wageni wa mji walipelekwa kuvitazama. Zikishakatwa vibapa vyembamba na kupigwa msasa hadi kung'aa, hakuna jicho lililoweza kusema kipi kimetoka Unyamwezi na kipi kimetoka Gabon. Bwana aliyetoa kisu chake mfukoni mwaka 1870 kukata ncha ya sigara hakushika ndovu wa mahali fulani. Alishika kitu cheupe, baridi, kinachopendeza mkononi.

Lakini sisi tunaosoma Kiswahili tuna shahidi ambaye wakusanyaji wa Sheffield hawanaye. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili vinavyosimulia maisha ya mtu kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa kiasi kikubwa ni kitabu cha pembe: zilipo, zilivyopatikana, zilikuwa frasila ngapi, nani alizipinga na yakamfika yapi. Wanafunzi wa lugha wamekisoma kwa ajili ya sarufi, wanahistoria kwa ajili ya njia za misafara. Mimi napendekeza kisomwe pia kama historia ya mpini. Ukavu wa lugha yake, jinsi vita, vijiji vilivyochomwa na mizani ya pembe vinavyofuatana katika sentensi moja bila kigugumizi, unaeleza biashara hiyo kuliko laana yoyote ya mtu wa nje. Msimuliaji hapigi kijembe wala hafumbi. Anahesabu.

Turudi Ulaya, kwani karne ya 19 ndiyo iliyovipa visu majina ambayo bado yanatembea. Katika kijiji cha Laguiole, kwenye uwanda wa juu wa Aubrac kusini mwa Ufaransa, fundi Pierre-Jean Calmels alianza mwaka 1829 kutengeneza kisu chembamba kilichopinda kidogo kama kiuno. Historia ya kijiji inasomeka katika vyombo vilivyoongezwa. Mwaka 1840 kikapata msumari mrefu wa kutobolea, chombo cha wafugaji, ambacho pamoja na kazi ya ngozi kiliweza kutoboa tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa kwa gesi. Mwaka 1880 kikapata kizibuo, kwa sababu vijana wa Aubrac walikuwa wamekimbilia Paris kuuza mkaa na divai na kufungua mikahawa. Basi chombo kimoja ni cha malishoni, kingine ni cha mjini, na vyote viwili vinalala katika mpini mmoja. Kijiji kilikuja kupokonywa jina lake. Mfanyabiashara wa mbali aliliandikisha kuwa alama yake ya biashara mwaka 1993, visu vya jina hilo vikatengenezwa popote, na kesi zikaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2012 wanakijiji waliking'oa kibao cha barabarani chenye jina la kijiji, kana kwamba halikuwa lao tena.

Kinyume chake ni Opinel. Joseph Opinel alikuwa mwana wa fundi wa shoka na mundu katika milima ya Savoie. Kisu chake cha mwaka 1890 kilikuwa kipande cha mti wa duara, kengee moja, basi. Mwaka 1897 alikitoa kwa ukubwa wa namba 1 hadi 12. Pete inayozuia kengee isijifumbe iliongezwa mwaka 1955, baada ya miaka 65 ya watu kujikata. Mwaka 1989 kamusi ya Larousse ililiingiza neno opinel kama nomino ya kawaida, isiyohitaji herufi kubwa. Heshima hiyo haidaiwi mahakamani; hutolewa na midomo ya watu.

Na kisu cha Uswisi, kinachojulikana kuliko vyote, nacho kilipata jina lake kwa ulimi wa wageni. Jeshi la Uswisi lilihitaji kisu cha kufungulia makopo na kufungulia skrubu za bunduki yake mpya. Vya kwanza vikatengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuvitoa kwa wingi. Karl Elsener wa Ibach aliona jambo hilo ni aibu, akaanza kulihudumia jeshi mwaka 1891 na nusura afilisike. Mwaka 1897 aliandikisha kisu cha maofisa, chepesi, chenye vyombo pande mbili vikitumia kamani zile zile. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909 aliifanya Victoria kuwa alama ya kazi yake. Chuma kisichoshika kutu kilipokuja mwaka 1921, kifupisho chake cha Kifaransa, inox, kikaungwa hapo, tukapata Victorinox. Askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, walioshindwa kutamka jina refu la Kijerumani, wakakiita kisu cha jeshi la Uswisi tu.

Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo huchukuliwa kuwa ya onyo: aumie, ajifunze. Karibu kila mahali kisu cha mfukoni kilipoenea, watu waliichukua kwa uhalisi wake. Mvulana wa Aubrac alipewa kisu, mvulana wa Missouri alipewa kisu. Mtoto wa Japani alikuwa na higonokami, iliyozaliwa katika mji wa Miki mwishoni mwa karne ya 19: kengee moja, mpini wa bati lililokunjwa, hakuna kamani wala kufuli, ila kidole gumba kinachokanyaga kimkia cha kengee. Shuleni walichongea penseli kwa hiyo. Kisha, tarehe 12 Oktoba 1960, mwanasiasa Inejiro Asanuma aliuawa jukwaani na kijana wa miaka 17 kwa upanga mfupi. Upanga ule haukuwa na uhusiano wowote na visu vya penseli, lakini kampeni ya kuwanyang'anya watoto visu ilishika nchi nzima, na karakana za Miki zikafungwa moja baada ya nyingine. Leo imebaki moja yenye haki ya kulitumia jina hilo. Sitaki kubeza hofu ya wazazi wale. Ninachosema ni kwamba mikono ya kizazi kizima iliacha kujua kitu ambacho mikono ya babu zao ilikijua, na hakuna aliyelipima hilo wakati ule.

Uingereza ilifuata njia nyingine, na matokeo yake yanachekesha kidogo. Sheria ya mwaka 1988 inakataza kubeza hadharani kitu chenye makali bila sababu nzuri, isipokuwa kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Mwaka 1993 mahakama ikaamua kwamba kisu chenye kufuli si cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo. Kwa hiyo visu vya kisasa vyenye mitambo ya kujifunga imara vikawekwa nje, na kisu cha kamani cha karne ya 17 kikabaki kuwa ndicho mtu anachoweza kukibeba bila kujieleza. Fundi wa zamani hakuwahi kupata mtetezi kama huyo. Hata hivyo hakutosha kuirudisha kazi. Stan Shaw, aliyeingia katika karakana ya Sheffield akiwa na miaka 14 na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94, alikuwa miongoni mwa wachache mno walioweza kukitengeneza kisu kizima peke yao tangu chuma hadi mpini.

Wakusanyaji wana elimu yao, na inastahili heshima. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, huandika namba kwenye visu vyake: tarakimu ya kwanza hutaja mpini (6 ni mfupa uliochorwa mikwaruzo, 5 ni pembe ya kulungu), ya pili hutaja idadi ya kengee, zinazofuata hutaja umbo. Kuanzia mwaka 1970 waliweka nukta 10 chini ya chapa, wakaondoa moja kila mwaka. Mwenye macho huhesabu nukta akakwambia mwaka. Majina ya maumbo nayo ni kamusi ya kazi zilizokwisha: kipo cha mtegaji wa wanyama, kipo cha mfugaji, chenye kengee tatu, moja kati yake butu ya ncha, ya kuhasia madume. Wanagombana pia, kama watu wote wapendao kitu kimoja. Wapo wasemao kisu kisichobebwa ni chuma tu, na weusi unaoingia kwenye kengee kwa maji ya matunda ndio uzuri wake. Wapo wasiothubutu hata kukifungua, wakihofia kamani. Mimi niko na wa kwanza, ingawa ninajua kwamba bila hawa wa pili tusingekuwa na cha kukitazama.

Lakini yupo mkusanyaji ambaye ugomvi huo haumsaidii, naye ni mwenye visu vya mipini ya pembe ya ndovu. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe; Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ipigwe marufuku, na marufuku ikaanza kutumika Januari 1990. Uingereza ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Kitu cha kabla ya mwaka 1947 kinaweza kuuzwa ikiwa pembe haizidi asilimia 10 ya ujazo wake. Buli la fedha lenye vipande vidogo vya pembe kwenye mkono wake linapita. Kisu cha mfukoni chenye vibapa viwili vya pembe hakipiti, hata kiwe na alama ya fundi mkubwa kuliko wote wa Sheffield. Mwenyewe anaweza kukiweka, kukirithisha, kukitoa zawadi. Hawezi kukiuza, ila kwa jumba la makumbusho linalotambuliwa, au kiwe kimetimiza masharti magumu ya vitu vya kabla ya 1918 vyenye thamani kubwa ya kisanaa.

Nimesoma malalamiko ya wakusanyaji kuhusu sheria hiyo. Wanasema ndovu yule alikufa miaka 150 iliyopita na hatafufuka kwa kuwanyima wao mnada. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na bado nadhani sheria imefanya vyema, kwa sababu soko la pembe ya kale lilikuwa vazi la pembe mpya. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinazungumza habari za ndovu na fundi tu. Katika maelezo ya minada ya zamani utakuta jina la kampuni, mwaka, umbo, hali ya kamani. Aliyeibeba pembe mabegani kwa miezi hatajwi, wala mji alikopitia.

Mkusanyaji akitaka kuhakikisha mpini ni wa pembe na si wa mfupa, huchukua lenzi. Mfupa huonyesha vitundu na vistari vyeusi, njia ambamo damu ilipita. Pembe ya ndovu haina hivyo. Pale ilipokatwa kwa upana, kwenye kisigino cha mpini, huonyesha mistari miembamba inayokatana mshazari, safu juu ya safu, kama ukindu wa mkeka.